KUZUNGUKA POSTA NA WATOTO WADOGO: Jumamosi ya kwanza tuliharibu, ya pili tukapatia



Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo. Nataka kuongelea jambo ambalo ukilitazama haraka haraka linaonekana dogo: kumtoa mtoto wa Dar es Salaam akaione Dar es Salaam.

Najua wengi mnaosoma hapa ni vijana, hamjaoa wala kuolewa, na dakika zenu za intaneti zinahesabika. Lakini una mdogo wako, una mtoto wa dada yako, una binamu aliyekuja likizo toka mkoani. Siku moja utaambiwa "hebu watembeze hawa mjini". Soma haya kwanza. Mimi niliyajifunza kwa kulia.

ILIVYOANZA

Sisi tunakaa Kimara. Desemba 2022, siku ya kufunga shule, binti yangu mkubwa, wakati huo ana miaka 8, alirudi nyumbani mnyonge. Mwalimu alikuwa ameuliza darasani nani amewahi kuiona bahari kwa macho yake. Wenzake kadhaa wakanyoosha mikono, yeye hakunyoosha. Akaniuliza: "Baba, kwani Dar es Salaam yenyewe iko wapi?"

Wadau, niliishiwa maneno. Mtoto kazaliwa hapa, kakulia hapa, lakini jiji lake analiona kwenye taarifa ya habari tu, kama mtoto wa Songea!

Na wala si yeye peke yake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Wengi wetu tuko Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara, Bunju, Chanika huko. Mjini tunakwenda kwa kazi au kwa shida: kufuatilia cheti, kupeleka mgonjwa, kununua mzigo Kariakoo. Mtoto anabaki nyumbani. Matokeo yake anakua akiamini Posta na bahari ni mali ya watu wengine. Mimi mwenyewe, naona aibu kusema, nilifika miaka 35 sijawahi kukanyaga Makumbusho ya Taifa. Nilidhani ni ya wazungu.

Basi nikaahidi: Jumamosi tunakwenda wote.

JUMAMOSI YA KWANZA: MAAFA

Nilichukua karatasi nikaorodhesha sehemu sita. Sanamu ya Askari, yale makanisa ya zamani, Makumbusho, Kariakoo kununua nguo za Krismasi (maana si tunapita tu!), Feri, halafu jioni Coco Beach. Nilijiona mjanja kwelikweli.

Tulitoka nyumbani saa 5 asubuhi. Desemba hiyo, joto la Dar mnalijua. Binti kavaa viatu vipya. Wa kati, wa kiume, miaka 5, hajanywa chai vizuri kwa sababu ya furaha. Kitinda mimba, mwaka mmoja na nusu, yuko mgongoni kwa mama yake.

Kufika kwenye Sanamu ya Askari pale Samora, nikaanza kufundisha. Nikawaambia sanamu hii ilizinduliwa 1927, wakati wa Waingereza, kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Nikawaambia kabla yake hapo palikuwa na sanamu ya mkoloni wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, iliyowekwa 1911, na Waingereza walipouteka mji 1916 wakaiondoa. Nikawaonyesha jinsi singe ya bunduki inavyoelekea bandarini, na maandishi ya Kiingereza na Kiswahili.

Unajua walikuwa wanatazama nini? Baiskeli ya koni. Wa kati akaniuliza swali moja tu: "Baba, yule askari anamkimbiza nani?"

Saa 7 mchana binti anachechemea, viatu vimemchubua. Kariakoo tulikaa saa nzima na tukatoka na fulana moja. Mama watoto kanuna. Mimi badala ya kusoma dalili za nyakati, nikasema "twendeni Feri, mkaone bahari mchangamke".

NILIVYOMPOTEZA MTOTO

Hapa sitamlaumu mtu yeyote, kosa ni langu asilimia mia.

Pale Feri watu walikuwa wengi, wengine wanakwenda kwenye pantoni, wengine wanatoka sokoni na samaki. Nikamwachia wa kati mkono ili nimpige picha mama yake na bahari nyuma. Picha moja. Nikaangalia kama imetoka vizuri, haikutoka, nikapiga ya pili. Kugeuka, mtoto hayupo.

Siwezi kuwaeleza dakika zilizofuata. Upande mmoja maji, upande mwingine magari na watu. Mama watoto alikuwa anaita jina la mtoto kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia toka tuoane. Mimi nilikimbia hadi kwenye maji kwanza... nadhani mnaelewa kwa nini.

Tulimpata baada ya kama dakika 20. Alikuwa amesimama juu ya benchi la mama mmoja muuza mihogo ya kukaanga, ana kipande cha muhogo mkononi, hana habari. Mahali penyewe ni hatua chache tu kutoka nilipopiga picha.

Yule mama alinisema, na alikuwa na haki. Halafu akanieleza alichofanya. Alimuuliza mtoto jina, akataja la kwanza tu. Akamuuliza: "Baba yako anaitwa nani?" Mtoto akajibu: "Baba." "Mama yako je?" "Mama." "Mnakaa wapi?" "Nyumbani kwetu."

Sasa hapo utampigia nani?

Kwa hiyo yule mama akamsimamisha juu ya benchi aonekane. Akaniambia: "Mwanangu, mtoto aliyepotea huzunguki naye kumtafutia wazazi. Mzazi atarudi pale alipomwona mara ya mwisho. Ukiondoka naye, mnapishana." Maneno hayo nimeyaweka moyoni mpaka leo.

Tulirudi Kimara bila mtu kusema neno. Na binti hata bahari hakuiona vizuri, aliiona huku analia.

NIKAKAA CHINI KUFIKIRI

Ningeweza kusema basi, watoto watatembea wakikua. Wengi ndivyo tunavyofanya. Lakini lile swali la "Dar es Salaam iko wapi" lilikuwa halijajibiwa. Nikakaa na mama watoto tukachambua tulikosea wapi. Haya ndiyo tuliyoyapata:

1. Safari inapangwa kwa miguu ya mtoto, siyo yako. Hatua moja yako ni karibu mbili za mtoto wa miaka 5. Ukimtembeza kilomita moja, yeye miguu yake imefanya kazi ya mbili. Sehemu mbili kwa siku zinatosha. Ya tatu ni tamaa ya mzazi.

2. Jua ndilo linaloamua ratiba. Mambo ya nje fanya asubuhi, mambo ya ndani fanya mchana. Sisi tulifanya kinyume. Na mwezi pia una maana: Juni hadi Agosti ni kipupwe, Dar inavumilika. Desemba hadi Machi ni tanuri.

3. Mtoto akicheza hasikii kiu wala njaa mpaka imechelewa. Anachofanya ni kulia bila sababu. Wewe unasema ana deko, kumbe anataka maji. Usisubiri aombe, mpe mara kwa mara.

4. Ununuzi na matembezi havichanganyiki. Kariakoo ni kazi. Ipe siku yake.

5. Viatu viwe vya zamani, vilivyozoea mguu. Vipya ni vya kanisani na vya Idi.

6. Mtoto ajue majina matatu na eneo mnalokaa. Tuliwaimbisha kila jioni kama wimbo: jina langu, jina la baba, jina la mama, tunakaa Kimara. Pamoja na hayo, namba ya simu iandikwe kwa kalamu ya wino ndani ya mkono wa mtoto, na karatasi nyingine iwe mfukoni. Namba mbili, ya baba na ya mama, maana simu moja inaweza kuzima.

7. Mtu mzima mmoja, mtoto mmoja. Watoto wakizidi, ongeza mtu. Safari ya pili tulimwomba mdogo wake mama watoto atusindikize, akamshika binti. Na anayepiga picha hashiki mtoto. Hiyo ni sheria.

8. Wafundishe watoto: ukituona hatupo, SIMAMA hapo hapo ulipo, usitutafute. Sisi ndio tutakaokutafuta.

JUMAMOSI YA PILI

Ilikuwa Juni 2023, shule zimefungwa. Tulitoka nyumbani saa 12 na nusu asubuhi. Tulipanda mwendokasi Kimara Mwisho kwa sababu basi linaanzia hapo, unapata kiti. Kwa watoto basi lenyewe lilikuwa nusu ya safari! Walipiga kelele kila lilipolipita foleni ya magari. Usafiri wa jiji letu hubadilika, hivyo siku yako ukifika wewe chagua chochote kinachofika Posta, ila panda kituo cha mwanzo na uwahi.

Tulishuka Kivukoni tukakaa mahali penye kivuli tukitazama maji. Chai ya chupa, maandazi na mayai ya kuchemsha, vyote toka nyumbani. Gharama ilipungua na matumbo yakatulia. Hapo ndipo nikamjibu binti swali lake.

Nilimwambia: hapa ndipo Dar es Salaam ilipoanzia. Zamani palikuwa na kijiji kinaitwa Mzizima. Miaka ya 1860 Sultani Majid wa Zanzibar akaanza kujenga mji hapa kwa sababu ya maji haya unayoyaona: yameingia ndani, yametulia, meli zinajificha na upepo. Ndiyo maana ya jina, bandari ya salama. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo, na mji ukakua. Yale makanisa mawili makubwa ya ufukweni, Azania Front la Walutheri na Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, yalianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1890.

Nilisema hayo kwa dakika tatu, nikanyamaza. Hilo nalo nilijifunza: jibu alichouliza mtoto, usitoe mhadhara.

Halafu pantoni. Mwaka 2023 mtu mzima alikuwa analipa shilingi 200 kuvuka. Wanaokumbuka sakata la 2012, nauli ilipopanda toka 100, wanajua kelele zake. Lakini kama matembezi, sijaona kitu cha bei rahisi chenye furaha kubwa namna ile. Tangu 2016 kuna Daraja la Nyerere kule Kurasini na gari linaweza kuzungukia huko, lakini mtoto hataki daraja bwana, anataka chombo!

Mbinu ni hii: mlango ukifunguliwa usikimbie. Kaa pembeni, acha wimbi la kwanza la watu lipite, uingie na wa mwisho. Mtoto mdogo abebwe kifuani, siyo mgongoni, umwone. Ikulu iko jirani na maeneo hayo, hivyo kamera iweke mfukoni, usije ukajitafutia maswali.

Na tulipata bahati. Pale pantoni inapokatiza ndipo mlango wa bandari, meli zote zinazokwenda gatini zinapita hapo hapo. Ikapita meli ya makontena. Wa kati alifungua mdomo hakuufunga mpaka ilipotoweka.

Ng'ambo tulichukua bajaji hadi ufukweni. Bahari yetu hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, kwa hiyo kwanza nilimuuliza mvuvi maji yanakwenda au yanarudi. Usione aibu kuuliza. Akasema yanatoka, watoto wacheze lakini wasikanyage mawe, kuna vifuu na miiba ya baharini. Maji yasivuke goti, mtu mzima asimame upande wa bahari, mtoto upande wa nchi kavu. Tulikaa saa moja na nusu, basi. Binti alichota maji akaonja, akatema, akacheka: "Kweli ni chumvi!" Miaka 8, anaishi mji wa pwani, ndiyo siku anajua.

MAKUMBUSHO

Jua lilipoanza kuchoma tulivuka kurudi, tukatembea taratibu hadi Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Mkumbusheni mtoto kwamba Shaaban Robert ni yule yule mshairi wa vitabu vya shule. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni, na cha mtoto ni kidogo zaidi. Ndani kuna kivuli, kuna vyoo, kuna pa kukaa. Kwa mwenye watoto, vyoo ni nusu ya utalii.

Jumba la kwanza la makumbusho hapo lilifunguliwa 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Leo ni letu. Humo kuna habari za Zinjanthropus, fuvu lililopatikana Olduvai na Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959, la umri wa takriban miaka milioni 1.75. Lilitoka ardhini likiwa vipande vingi, likaunganishwa kama watoto wanavyounganisha sahani iliyovunjika. Wa kati alipenda habari ya magego yake makubwa. Magari ya zamani ya viongozi nayo hayakumwachia, nilimng'oa kwa ahadi ya koni.

Binti nilimweleza habari za Laetoli, kule karibu na Ngorongoro, ambako 1978 timu ya Mary Leakey ilikuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita. Walipita kwenye majivu ya volkano, yakaganda. Nyayo ni za wakubwa na wadogo wakielekea upande mmoja, na mmoja wao alikanyaga ndani ya nyayo za aliyemtangulia. Akafikiri kidogo, akasema: "Kama sisi asubuhi kule mchangani." Sikuongeza neno.

Saa 8 mchana tulikuwa tunakula wali samaki. Wa kati alitaka kuendelea, binti alitaka kuendelea. Tukakataa. Ondokeni wakiwa bado wanataka, ndipo watakapoomba kurudi. Saa 10 tulikuwa nyumbani, wote watatu wamelala kama magunia.

TUNAPOMALIZIA

Kabla ya kuondoka mjini tulipita Feri kumtafuta yule mama wa mihogo. Tulimkuta. Wa kati akamwamkia, halafu bila kuulizwa akasimama wima akakariri: jina lake, jina langu lote, jina la mama yake, Kimara. Mama akacheka hadi akapangusa macho kwa kanga, akampa muhogo, akakataa hela.

Kuna mtu ataniambia maisha ni magumu, matembezi ni anasa. Namwelewa, nami sina gari. Lakini hesabu ya siku ile ilikuwa nauli, pantoni, bajaji, kiingilio na sahani za wali. Siyo hoteli. Mtoto ambaye hajawahi kuoneshwa jiji lake, atakuja kulipendaje? Atalindaje bandari, makumbusho au ufukwe ambao hajui kama ni wake?

Binti sasa ana uzoefu, mwalimu akiuliza anao mkono wa kunyoosha.

Basi wadau, wewe ukiambiwa uwatembeze wadogo zako, utaanzia wapi? Walioko Mwanza, Arusha, Tanga, Mombasa, Nairobi, tuambieni kwenu mtoto mdogo anapelekwa wapi na kwa gharama gani. Na kama umewahi kumwokota mtoto aliyepotea, tueleze ulifanyaje. Uwanja ni wenu hapo chini.

Nawasilisha.